Mnada wa Mbuzi Aliyeombewa

Kwa miaka kumi na mmoja Mwalimu Kanyiva ameendesha mnada wa sadaka katika kanisa lake juu ya milima ya Mbooni, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba anauza rahisi. Boga ambalo sokoni lingekwenda kwa shilingi hamsini, yeye huliuza mia sita, na aliyelinunua hurudi kwenye benchi akiwa anatabasamu.

Utaratibu wenyewe unajulikana na kila mtu huko. Asiye na pesa huleta alicho nacho: mayai, miwa, kuku aliyefungwa miguu. Mahubiri yakiisha, kitu huinuliwa juu, bei hutajwa, na anayeshinda hukabidhiwa. Kisha huja sehemu ambayo watu huisubiri. Ikiwa aliyetoa ni mjane au mtu asiyejiweza, mnunuzi hasemi asante na kuondoka na kuku. Husimama na kutamka, “Namrudishia mwenyewe.” Watu hupiga makofi, akina mama huanzisha wimbo, kuku huenda kwao. Yuko kuku mmoja aliyetolewa sadaka mara sita na akafa kwa uzee bandani mwake.

Siku za juma Kanyiva hufundisha Gredi ya Tatu, watoto arobaini na watatu, katika shule ya msingi iliyo hatua mia mbili kutoka kanisani. Ana umri wa miaka arobaini na saba, anaishi peke yake katika nyumba ambayo bado inangoja dari, na daftari zake hazina mahali palipofutwa.

Mwezi wa Oktoba, mwalimu mkuu, Bwana Mulinge, aliwaita walimu ofisini. Alikuwa amepigiwa simu kutoka shule moja upande wa Ikutha, alikofundisha zamani. Mvua ilikuwa imekosa misimu miwili. Watoto walikuwa wakija shuleni kwa sababu ya chakula cha mchana, na sasa jiko la shule lilikuwa halijawashwa kwa siku tisa. Bwana Mulinge alikuwa amepata lori la bure. Lingepita Ijumaa saa sita.

“Waambieni watoto walete,” alisema.

Kanyiva aliwaambia Jumatatu asubuhi. Kwa kuwa anawajua watu na sadaka zao, alitoa onyo mapema. “Mlete kitu kizuri. Sitaki mtu aniletee kitu kilichooza au kilichovunjika. Kitu ambacho nikikiinua, kila mtu akione.” Hakutaja mahindi wala maharagwe. Aliona hakuna haja, maana watu wenye njaa huletewa nini kingine?

Jumanne vikaja vikombe vya mahindi, na saa ya ukuta. Jumatano vikaja vikombe vingine vya mahindi, taa ya sola, jogoo, wilbaro ya Mwau, baba wa mtoto mmoja, na godoro jipya ambalo nailoni yake haijatolewa. Kanyiva alishangaa kidogo, lakini si sana. Wiki iliyopita alikuwa amefundisha somo kuhusu ukarimu, na alikumbuka kwamba lilienda vizuri.

Bwana Mulinge hakushangaa hata kidogo. Alifurahi. Aliwapanga watoto mbele ya bendera na vitu vyao, akapiga picha, akazituma kwenye kundi la wasap la walimu wakuu.

“Mwalimu, hawa wa Gredi ya Tatu umewafanya nini?” aliuliza. “Gredi ya Sita wameleta debe moja na nusu, na nusu yenyewe imeliwa na dumuzi.”

“Ni kuwafundisha tu,” Kanyiva alisema, na akakubali kikombe cha pili cha chai.

Alhamisi, Ndinda alifika akivuta mbuzi.

Ndinda ana miaka minane. Anaishi na nyanya yake, Mutanu, ambaye watoto wote wa kijiji humwita Susu, pamoja na ndugu mdogo wa mwaka mmoja na nusu. Mama yao anafanya kazi ya kufua nguo Mlolongo. Mbuzi huyo, mwekundu mwenye mabaka meupe na kiwele kizito, ndiye peke yake katika boma hilo, na maziwa ya yule mtoto mdogo hayana mahali pengine pa kutoka. Kanyiva alilijua hilo. Kila mtu mlimani alilijua.

“Ndinda, Susu anajua umeleta mbuzi?”

“Susu ameenda matanga Mukuyuni na mtoto. Atarudi leo.”

“Na akijua?”

“Atafurahi, mwalimu.”

“Una hakika?”

Ndinda alimtazama mwalimu wake kwa subira. “Alipotoa kuku kanisani si alifurahi? Na kuku ni mdogo.”

Kanyiva alitaka kuuliza zaidi, lakini Pasta Musyoka alikuwa tayari amesimama chini ya bendera, Biblia mkononi, na shule nzima imefumba macho. Pasta aliviombea vyakula, akaiombea safari, akawaombea watoto wa Ikutha. Kisha, kwa kuwa mbuzi alikuwa amesimama karibu naye na hakuwa na haraka, aliweka mkono juu ya kichwa chake na kumwombea pia. Bwana Mulinge alifumbua jicho moja na kupiga picha.

Ukweli ulijulikana wakati wa mapumziko, kupitia kwa Naila. Naila ni binti wa Abdulatif, mwenye duka la nafaka sokoni, ambaye ukoo wake ulitoka pwani ukapitia Mwingi kabla ya kupanda mlima. Jumanne alikuwa ameleta kilo mbili za mchele kwenye mfuko safi. Alimfuata Kanyiva hadi mlangoni mwa darasa.

“Mwalimu, mchele wetu pia utauzwa?”

“Kuuzwa? Nani atauuza?”

“Wewe. Wenzangu wananicheka. Wanasema kilo mbili ni kitu kidogo, baba yangu hata hataona raha ya kuununua tena.”

“Kuununua lini?”

“Kesho, kwa mnada. Si mnada ni kesho?”

Kanyiva aliingia darasani na kuwaketisha watoto. Aliuliza swali moja tu, polepole, kama anavyouliza maswali ya hesabu.

“Nani hapa anajua kwamba kitu alicholeta kitarudi kwao?”

Mikono arobaini na miwili iliinuka. Naila aliacha yake mezani. Kwao mtu akitoa kitu, kimetoka, na hakuna anayekipigia makofi.

“Godoro ni la kulalia, mwalimu,” mvulana mmoja alieleza kwa sauti ya upole, kama mtu anayemsaidia mgeni. “Lisiporudi tutalala wapi?”

“Na watoto wa Ikutha watapata nini?”

“Watapata ile bei.”

Kanyiva alitafuta kosa katika jibu hilo na hakuliona. Watoto hao walikuwa wameona watu wakitoa kila Jumapili tangu wabebwe mgongoni, na njia waliyoiona ilikuwa moja. Unaleta kitu kizuri. Mwalimu Kanyiva anakiinua. Baba ananunua, kitu kinarudi, watu wanafurahi. Kwa nini ulete kikombe cha mahindi, wakati unaweza kuleta godoro na bado ulilalie Ijumaa?

Saa kumi Susu Mutanu aliingia ofisini kwa Bwana Mulinge, akiwa bado amevaa nguo za matanga na vumbi la Mukuyuni miguuni.

“Nimesikia mbuzi yangu imekuwa mwanafunzi,” alisema.

Bwana Mulinge alisimama haraka. “Susu, pole sana. Watoto walikosea. Mbuzi yako ni hiyo hapo nje, uichukue tu, hakuna shida yoyote.”

“Imeombewa?”

“Eeh, iliombewa, lakini—”

“Pasta aliweka mkono?”

Bwana Mulinge alimtazama Kanyiva. Kanyiva alitazama dirishani.

“Aliweka,” Bwana Mulinge alisema. “Kichwani.”

“Sasa unataka nimpokonye Mungu mbuzi, niivute kwa kamba mchana kweupe, watu wakiniona?”

“Basi, Susu, iende Ikutha.”

“Iende Ikutha na mtoto wa Mlolongo anyonye nini? Anyonye wewe?”

“Lakini mama, haiwezi kwenda na haiwezi kurudi. Sasa unataka tufanye nini?”

“Nataka inunuliwe,” Susu alisema. “Kama kawaida. Mwalimu si huyu hapa?”

Bwana Mulinge, ambaye kanisa lake liko mjini Wote na huko hutoa sadaka kwa simu, alishika kichwa. Katika ofisi hiyo Kanyiva ndiye peke yake aliyeona kwamba mama huyo amesema jambo la kawaida kabisa. Kilichowekwa mbele ya Mungu hakiondoki hivi hivi. Lazima kinunuliwe, na anayenunua ndiye mwenye ruhusa ya kukirudisha. Kwa hiyo ikaamuliwa, na hakuna aliyetaja kwamba watoto wa Gredi ya Tatu walikuwa wameamua hivyo tangu Jumatatu. Mnada ungefanywa Ijumaa saa mbili, na kwa kuwa lori lilitaka chakula na si noti, bei zingekuwa za mahindi na maharagwe, kwa debe. Jioni hiyo wazazi walipigiwa simu.

Susu alimkamua mbuzi wake palepale uani na kumwacha amefungwa kwenye mti wa bendera. Maziwa hayo alisema si wizi. Pasta aliombea mbuzi, hakuombea kiwele.

Ijumaa asubuhi wazazi walikuja na magunia, wengine migongoni, wengine kwenye bodaboda. Abdulatif, ambaye huona mambo mapema, aliegesha pikapu yake langoni ikiwa imejaa mahindi, ili atakayepungukiwa asirudi nyumbani kutafuta. Kanyiva alipanda juu ya dawati na kuinua saa ya ukuta.

Alikuwa katika hali yake nzuri. Saa ilienda kwa nusu debe, jogoo kwa debe moja. Godoro lilipandishwa hadi debe tatu, kwa sababu mwenyewe alishindana na shemeji yake ambaye hakuwa akilitaka.

“Nanunua wilbaro yangu!” Mwau alilia aliposukumwa mbele. “Mwalimu, hii nilishainunua. Machakos. Niko na risiti.”

“Machakos ulinunua chuma,” Kanyiva alisema. “Leo unanunua baraka. Debe moja nimeisikia, nani anaongeza?”

“Usiulize nani anaongeza! Ni yangu!”

“Debe moja na nusu,” alisema Gedion, mwendesha bodaboda, ambaye huenda kwenye kila mkusanyiko na hununua mara chache sana.

“Gedion, nitakupiga,” Mwau alisema, na akalipa debe mbili.

Watoto walikuwa wamekaa nyasini, wakipiga makofi mahali panapostahili. Hawakuona chochote cha ajabu. Bwana Mulinge alihesabu magunia yakishonwa, la saba, la nane, na akaanza kujiuliza kwa nini shule nyingine huomba misaada kwa barua.

Mbuzi aliachwa mwisho. Kanyiva alikuwa amepanga hivyo makusudi. Mnadani, watu wakishapata moto, hutokea mmoja wa kumnunulia mjane. Alichosahau ni kwamba kanisani watu hufika na mifuko iliyojaa, nao hununua vitu vya wengine. Hapa kila mtu alikuwa ameshanunua mali yake mwenyewe. Alipomvuta mbuzi karibu na dawati, aliona magunia matupu yakikunjwa.

Susu alitoa alichokuja nacho. Ilikuwa nusu debe ya mahindi, na alikuwa ameifunga kwa leso.

“Nusu debe,” Kanyiva alisema. “Nusu debe nimeisikia. Nani anaongeza?”

Alisema hivyo kwa sababu ndivyo inavyosemwa. Kama angenyamaza, mbuzi angekuwa wa Susu na mambo yangeishia hapo.

“Debe tatu.”

Watu waligeuka. Aliyesema alikuwa mwanamume mwenye koti la mvua na fimbo nyembamba, aliyesimama kando ya pikipiki ya Gedion. Alikuwa Nzau, mnunuzi wa mbuzi kutoka Mukuyuni. Hakuwa mzazi, wala hakuwa wa kanisa hilo. Gedion alikuwa amemwambia kuna mbuzi anauzwa kwa mahindi, akambeba kwa nauli, na sasa alikuwa akiangalia chini kama mtu anayetafuta sarafu.

“Ukinunua unamrudishia mwenyewe,” mama mmoja alimwambia Nzau, kwa ajili ya kumsaidia.

“Kwa nini?” Nzau aliuliza.

Halikuwa swali ambalo mtu alishawahi kuliuliza.

“Maziwa ya huyu hunywewa na mtoto mdogo,” mama yule aliongeza.

“Basi ni mbuzi mzuri,” Nzau alisema. “Debe nne. Nitanunua mahindi kwa huyu Mwarabu wenu wa pikapu sasa hivi.”

Kanyiva alizungusha macho. Alimtazama Mwau. Mwau alionyesha mikono yake mitupu. Alimtazama Bwana Mulinge, ambaye aliinama kukagua gunia lililoshonwa vizuri kabisa. Alimtazama Susu. Susu hakuwa akiomba wala kulia. Alikuwa amesimama wima, mikono imekunjwa, akingoja kilicho cha kawaida kitokee.

“Mwalimu,” Gedion aliita kutoka nyuma, ghafla akiwa na dhamiri, “na wewe?”

“Mimi nauza. Anayeuza hanunui.”

“Nani alisema?”

Ni yeye aliyesema, mwaka wa kwanza wa mnada, na kanuni hiyo haikuwa imeandikwa popote. Sasa macho ya kijiji kizima yalikuwa juu ya dawati lile, na kila mtu alikuwa akifikiria ghala la Mwalimu Kanyiva, lenye magunia ya mahindi aliyokuwa akiyangojea Januari, bei ipande, awekewe dari.

“Debe tano,” alisema. Sauti ilikuwa yake, lakini ndogo.

“Sita,” Nzau alisema.

“Saba.” Na kabla hajajizuia, mdomo ukaendelea wenyewe, kama ulivyozoea, “Saba nimeisikia, nani anaongeza?”

“Mimi,” Nzau alisema. “Si umeuliza? Nane.”

Watoto walicheka. Hawakuwa wamewahi kumwona mwalimu wao akipandishwa bei, na walikuwa na maoni kwamba anafanya vizuri.

“Tisa,” Kanyiva alisema, na safari hii akauma midomo.

Nzau alimzunguka mbuzi, akagusa mgongo, akapima kiwele kwa macho, akapiga hesabu zake. “Kumi.”

“Kumi na moja.”

“Kumi na moja ni mbuzi wa dhahabu,” Nzau alisema. “Huyo mchukue, mwalimu. Mimi nina watoto.” Akamgeukia Gedion. “Wewe nirudishe Mukuyuni, na nauli sikupi.”

Debe kumi na moja ni magunia mawili na zaidi. Kanyiva alikuwa ameshika kamba, na upande wa pili wa kamba kulikuwa na mbuzi wake. Hakuna aliyemkumbuka akiwa katika nafasi hiyo, yeye mwenyewe akiwemo. Kwa mara ya kwanza alitambua kwamba kati ya kununua na kurudisha kuna muda, na kwamba ndani ya muda huo mtu anaweza kufikiria mambo mengi. Alifikiria kwamba mbuzi huyo angeuzwa elfu kumi na mbili. Alifikiria kwamba Susu angeweza kupewa maziwa ya mtoto kila jioni, kikombe kimoja, viwili, na mbuzi akabaki kwa aliyemlipia. Lilikuwa wazo la haki. Alifungua mdomo.

“Amemrudishia mwenyewe!” Gedion alipiga kelele.

Makofi yalilipuka. Akina mama waliinua wimbo, watoto arobaini na watatu wakasimama, na Bwana Mulinge akapiga picha ya Mwalimu Kanyiva akiwa mdomo wazi, kamba mkononi, akionekana katikati ya tendo la ukarimu. Kanyiva aliijua mbinu hiyo. Ni yeye aliyeanza kuitumia, kwa wanunuzi waliokawia, na ilikuwa imerudisha kuku wengi makwao. Haina dawa. Ukishaimbiwa, umeshatoa.

Alishuka kwenye dawati na kumkabidhi Susu kamba.

Susu alichukua. Aliinama, akapapasa kiwele kwa vidole vitatu, akakibonyeza kidogo, akasimama tena polepole. Wimbo ulikuwa bado unaendelea, kwa hiyo ilibidi asogee karibu ili asikike.

“Mwalimu,” alisema, “jana niliacha mbuzi hapa amefungwa. Asubuhi ya leo nani alimkamua?”

Kanyiva alikumbuka chai ya saa moja na nusu katika chumba cha walimu, nzito, tamu kuliko kawaida. Mpishi alikuwa ameisifu mwenyewe akimimina.

“Maziwa yalikuwa kiasi gani?” alimuuliza Susu.

“Hutoa vikombe vitatu,” Susu alisema. “Mtoto hujazwa chupa. Leo amekunywa uji wa maji matupu.” Akamwita Ndinda aliyekuwa bado anapiga makofi, wakaanza kushuka njia ya chini, mbuzi akiwa katikati. Walipofika langoni Susu aligeuka, akapaza sauti ili isimpite mtu yeyote.

“Vikombe vitatu, mwalimu! Hivyo havikuombewa!”

Kanyiva alimtuma mtoto dukani kununua pakiti mbili za maziwa, kisha akaenda nyumbani kufungua ghala, maana lori lilikuwa limeshaonekana likipanda mlima.